Namna ya kuendesha flipa na michezo ya zamani kwenye kompyuta ya mtumba, Lubumbashi

Mtu anayetaka kuuamsha mchezo wa kompyuta wa mwaka 1993 au 1995 mara nyingi huanza mahali pasipofaa: anabonyeza faili mara mbili, anasoma ujumbe kwamba programu haiwezi kufanya kazi kwenye kompyuta yake, kisha anakata tamaa akiamini kuwa kompyuta ni mbovu au mchezo umeharibika. Kwa kawaida vyote viwili ni vizima. Kinachokosekana ni mashine ambayo mchezo ule uliandikiwa, na mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuitambua mashine hiyo na kuiunda upya ndani ya kompyuta ya mtumba kama zile zinazouzwa hapa Lubumbashi, bila kununua kifaa kipya na bila kumaliza mega za mwezi mzima.

Mifano mingi nitaichukua kwenye flipa (pinball, mchezo wa meza ambapo goroli hupigwa kwa vibao ili isidondoke), kwa sababu flipa haifichi kasoro. Katika mchezo wa mafumbo, kompyuta ikichelewa nusu sekunde hakuna anayejali. Katika flipa, goroli inateremka kati ya vibao viwili na mkono wako unajua papo hapo kwamba kitufe kimechelewa au kwamba mwendo si wenyewe. Ustadi huo wa mkono ulianza mwaka 1947, kampuni ya Gottlieb ya Chicago ilipoweka vibao vya umeme vya kupigia goroli katika mashine yake iitwayo Humpty Dumpty. Kabla ya hapo mchezaji alirusha goroli, akaitikisa meza kidogo na kungoja bahati, na wakuu wa jiji la New York, walioiona kuwa kamari, waliipiga marufuku mwaka 1942; marufuku hiyo haikuondolewa hadi 1976.

Utambue kwanza mchezo uliandikiwa mashine gani

Kabla ya kupakua chochote, fungua folda ya mchezo na utazame majina ya mafaili yake. Windows huficha herufi za mwisho wa jina, kwa hiyo nenda kwenye «Affichage» na uweke alama penye «Extensions de noms de fichiers». (Kompyuta nyingi hapa zimewekwa Kifaransa, nami nitayataja majina ya menyu kama yanavyoonekana kwenye skrini.) Hatua hiyo ina faida nyingine: virusi vya flashi vinavyojivika picha ya folda vinaumbuka mara moja, maana folda halisi haiishii kwa .exe.

Ukikuta majina yasiyozidi herufi nane kabla ya nukta, pamoja na SETUP.EXE inayouliza kuhusu kadi ya sauti, mchezo huo karibu hakika ni wa DOS, mfumo wa kompyuta uliotumika kabla ya Windows. Ukiwa umetengenezwa kwa ajili ya Windows 3.1, ni programu ya biti 16. Ukiwa wa Windows 95 na kuendelea, kwa kawaida ni wa biti 32. Kundi la nne ni michezo iliyokuwa ndani ya makabati ya kumbi za michezo, ile ya kutumbukiza sarafu, ambayo haikuwahi kuwa ya kompyuta za nyumbani na ambayo huja ikiwa faili moja la zip lenye jina fupi la ajabuajabu.

Kisha itazame kompyuta yako: katika habari za mfumo, soma mstari wa «Type du système». Windows ya biti 64 huendesha programu za biti 32 bila shida, lakini imeachana kabisa na za biti 16. Windows ya biti 32 bado inazikubali nyingi. Kwa hiyo ile kompyuta nzito ya ofisi yenye giga 2 za kumbukumbu, ambayo muuzaji anakuuliza kama kweli unaitaka, inaweza kuendesha mchezo wa Windows 3.1 ambao mashine mpya ya bei kubwa inaukataa. Mimi ningeinunua bila kusita, mradi kidhibiti umeme chake kiwe kizima.

Space Cadet, flipa iliyokuja na Windows

Flipa ambayo wengi waliifahamu bila kuitafuta ni 3D Pinball: Space Cadet. Iliundwa na kampuni ya Cinematronics, ikatoka mwaka 1995 katika nyongeza ya Windows 95 iliyoitwa Plus!, kisha ikaendelea kuja na matoleo mengine hadi Windows XP. Katika Windows Vista, toleo lililofuata, haikuwemo. Raymond Chen, mhandisi wa Microsoft, ameeleza kwamba walipojaribu kuihamishia kwenye biti 64 goroli ilianza kupenya vitu vya mezani kana kwamba havipo, na hawakuwa na muda wa kuchambua msimbo wa watu wengine ili kupata kosa.

Jambo la kufurahisha ni kwamba toleo la biti 32 lililokuja na XP bado linacheza vizuri kwenye Windows 10. Ukiwa na kompyuta yenye XP, fungua folda ifuatayo:

C:\Program Files\Windows NT\Pinball

Inakili folda yote kwenye flashi, uipeleke kwenye kompyuta mpya na uiweke mahali kama C:\MICHEZO. Usiiweke ndani ya Program Files, kwa sababu Windows za sasa huzuia programu kuandika humo, na michezo mingi ya zamani huhifadhi alama zake kwenye folda yake yenyewe. Usinakili PINBALL.EXE peke yake pia: meza, picha zake na vipimo vyake vimo ndani ya PINBALL.DAT, na sauti zimo katika mafaili ya .WAV na .MID. Anayetumia Linux anaweza kupata toleo lililoundwa upya na wapenzi wa mchezo huo, ambalo msimbo wake uko wazi. Lakini nalo linadai mafaili ya data ya mchezo wa asili, kwa hiyo folda ile ya XP bado inahitajika.

Mchezo ukifunguka, bonyeza F8 kabla ya kurusha goroli ya kwanza. Vitufe vyake vya kawaida, Z kwa kibao cha kushoto na alama ya mkwaju kwa cha kulia, vilipangwa kwa kibodi ya QWERTY, ambako vyote viwili viko safu ya chini, kimoja kila upande. Kwenye AZERTY, kibodi ya Kifaransa, kitufe cha Z kimepanda safu ya juu, na mkono wa kushoto unakaa vibaya. Chagua W na alama ya mshangao, au vitufe vyovyote viwili vilivyo sawa kwa urefu. Nafasi ndefu ya chini hurusha goroli: ishikilie, kisha uiachie.

Michezo ya DOS

Kwa michezo ya DOS unahitaji DOSBox, programu ya bure inayojifanya kompyuta ya zamani pamoja na kadi yake ya sauti. Toleo la 0.74-3 la mwaka 2019 linatosha, na faili lake la kusakinisha halifiki mega 2. Lipakue kwenye tovuti ya DOSBox yenyewe. Hapa hakuna haja ya kubahatisha kwenye flashi ya mtu.

Mchezo wa kuanzia wenye uhalali usio na mashaka ni Epic Pinball wa mwaka 1993, kazi ya James Schmalz iliyotolewa na Epic MegaGames, kampuni ambayo leo vijana wanaijua kwa Fortnite. Meza yake ya kwanza iligawiwa kwa ruhusa ya kunakiliwa na kupeana, na nyingine ziliuzwa. Vivyo hivyo sehemu ya kwanza ya Doom, ya mwaka huohuo. Ukitaka hadithi na mazungumzo badala ya goroli, mchezo Beneath a Steel Sky ulifanywa wa bure na wenyewe mwaka 2003, nao unaendeshwa na programu nyingine, ScummVM.

Weka mchezo kwenye folda yenye jina fupi lisilo na nafasi, kwa mfano C:\MICHEZO\EPIC, fungua DOSBox na uandike:

mount c c:\michezo
c:
cd epic
dir

Amri ya kwanza inaiambia mashine ya kuigiza kwamba folda yako ndiyo diski yake ya C. Ya mwisho inaonyesha mafaili yaliyomo, nawe unaandika jina la lile linaloanzisha mchezo. Mwenye haraka anaweza kuliburuta faili la .EXE na kulidondosha juu ya ikoni ya DOSBox.

Hapo ndipo wenye AZERTY hukwama. Mara nyingine DOSBox hudhani kibodi yako ni ya Kimarekani: unabonyeza M, inatokea nukta-mkato, unatafuta nukta mbili za «c:», unapata nukta moja, A inageuka Q. Mtu asiyejua anaamini kibodi imekufa. Dawa ni amri hii:

keyb fr

Kwa bahati njema, herufi zake zote, k, e, y, b, f na r, ziko mahali pamoja kwenye AZERTY na kwenye QWERTY, kwa hiyo unaweza kuiandika hata kabla mambo hayajanyooka. Mwenye kibodi ya Kibelgiji ataandika «keyb be». Mkwaju wa nyuma, unaohitaji AltGr kwenye AZERTY, unaweza kuendelea kukusumbua, na ndiyo maana napendelea kutoandika amri hizo kila siku. Katika menyu ya Démarrer, ndani ya DOSBox, kuna kipengele cha Options kinachofungua faili la mipangilio katika Bloc-notes. Tafuta mstari wa keyboardlayout na uandike:

keyboardlayout=fr

Kisha shuka hadi mwisho wa faili, chini ya [autoexec], uweke amri zako zote pamoja na jina la mchezo. Kuanzia hapo, kufungua DOSBox ni kufungua mchezo.

Michezo mingi ya flipa ya DOS hutumia vitufe viwili vya Shift kwa vibao. Ni mpangilio mzuri, ila Windows ikiona Shift imebonyezwa mara tano mfululizo hufungua dirisha la «Touches rémanentes», na goroli inapotea wakati unalifunga. Dirisha hilo lenyewe lina kiungo cha kuzima njia hiyo ya mkato. Kitumie mara ya kwanza linapotokea.

Mchezo ukikuuliza kuhusu sauti, chagua Sound Blaster, anwani 220, IRQ 7 na DMA 1. Hiyo ndiyo kadi inayoigizwa na DOSBox, wala haihusiani na kadi iliyomo kwenye kompyuta yako.

Mwendo

Sehemu hii ndiyo inayotofautisha mchezo unaofunguka na mchezo unaochezeka. Michezo ya zamani ilifungamana na mwendo wa mashine yake kwa namna ambayo programu za leo hazijui. Mfano ulio maarufu ni Space Invaders, aliouunda Tomohiro Nishikado wa Taito mwaka 1978: wavamizi huongeza kasi kadiri unavyowapunguza, na chanzo chake ni kwamba prosesa ya Intel 8080 ilikuwa na kazi ndogo zaidi ya kuchora walipobaki wachache. Ugumu wa mchezo ulizaliwa na udhaifu wa chombo. Ukiupa mchezo wa aina hiyo prosesa ya leo bila kuifunga breki, hautachezeka. Hata Space Cadet ilikuwa na tabia hiyo: ilichora picha nyingi kadiri prosesa ilivyoweza, ikaimeza prosesa nzima, mpaka Chen alipoiwekea kikomo cha picha 100 kwa sekunde.

DOSBox huhesabu mwendo kwa mizunguko, na idadi yake huonekana juu ya dirisha. Michezo mingi rahisi huanza kwenye 3000. Ctrl pamoja na F12 huongeza, Ctrl pamoja na F11 hupunguza, takriban asilimia kumi kila unapobonyeza. Irushe goroli na uitazame inapopanda kwenye njia ya kuingilia mezani. Ikikatakata njiani, ongeza. Endelea hadi mwendo wake uwe laini, kisha uongeze kidogo tena kwa ajili ya wakati ambapo taa zote za meza zinawaka kwa pamoja. Ukifika mahali sauti inaanza kukwaruza, umepita uwezo wa kompyuta yako halisi: rudi nyuma. Idadi iliyokufaa iandike kwenye faili la mipangilio, kwa mfano:

cycles=fixed 12000

Nambari hiyo ni ya mfano tu. Jambo ambalo miongozo iliyoandikwa kwenye miji isiyokatika umeme haikuambii ni kwamba kipimo hicho lazima ukifanye kompyuta ikiwa inatumia betri. Delestaji (mgao wa umeme) ikianza, kompyuta ya mkononi huhamia kwenye betri na Windows huipunguza nguvu prosesa ili kuokoa chaji. Mizunguko iliyokwenda vizuri dakika moja kabla inaanza kukwaruza katikati ya goroli. Ama chagua idadi ya chini inayovumilia betri, ama ubadilishe mpango wa umeme wa Windows, ukijua kwamba betri kuukuu haitakuvumilia muda mrefu.

Likirekebishwa hilo, itazame goroli yenyewe. Ikiwa imebonyea kama yai lililolazwa, tatizo ni umbo la skrini: michezo mingi ya DOS ilichorwa kwa nukta 320 kwa 200 zilizonyooshwa kujaza skrini za wakati ule. Weka aspect=true chini ya [render]. Alt na Enter hujaza skrini nzima, na Ctrl na F10 huuachilia mshale wa kipanya uliofungiwa dirishani.

Michezo ya Windows 95 hadi XP

Hapa kosa la kwanza la kutafuta liko kwenye programu ya kusakinishia. Michezo kadhaa ya biti 32 ilikuja na kisakinishi cha biti 16, kwa hiyo Windows ya biti 64 inakikataa kisakinishi ingawa ingeukubali mchezo. Sakinisha kwenye kompyuta ya zamani, kisha uhamishe folda iliyokamilika, kama tulivyofanya kwa Space Cadet.

Mchezo ukifunguka na kujifunga papo hapo, bonyeza faili lake kwa upande wa kulia wa kipanya, «Propriétés», «Compatibilité», na ujaribu Windows XP. Rangi zikivurugika, weka hapohapo rangi 256. Michezo ya kuchezwa na watu wengi huhitaji DirectPlay, ambayo Windows 10 haiiwashi yenyewe: utaipata katika orodha ya kuwasha na kuzima vipengele vya Windows, chini ya «Composants hérités». Windows inaweza kuhitaji intaneti ili kuiweka, kwa hiyo lifanye kabla mega hazijaisha.

Michezo ya makabati

Programu ya kuigiza makabati ya sarafu ni MAME, iliyoanzishwa na Nicola Salmoria mwaka 1997. Kila mchezo ni zip yenye nakala ya chipu za kabati lake. Iweke kwenye folda ya roms bila kuifungua. Kitufe cha 5 ni sarafu, 1 ni kuanza, Tab ni menyu. Zip ya zamani ikikataliwa na MAME mpya, kwa kawaida ni kwa sababu orodha ya chipu hubadilika kadiri wahusika wanavyonakili vizuri zaidi, si kwa sababu faili limeoza. Kuhusu haki, michezo mingi ya aina hii bado ina wenyewe, na tovuti ya MAME inatoa michache ambayo wenyewe wameiruhusu bila malipo kwa matumizi yasiyo ya biashara. Anayefikiria kufungua ukumbi wa kulipisha watoto katika mitaa ya Katuba au Kenya, hapa Lubumbashi, aelewe kwamba ruhusa hiyo haimhusu.

Flipa za kweli za chuma nazo zinaigizwa, kwa Visual Pinball, lakini programu hiyo inadai kadi ya picha yenye nguvu, na kwenye kompyuta nyingi za mtumba utapata meza nzuri ya kutazama na goroli isiyochezeka.

Kuhifadhi

Michezo mingi ya DOS huandika alama za juu diskini unapotoka kwa utaratibu. Kompyuta ya mezani isiyo na onduleri (kifaa cha betri kinachoshikilia umeme unapokatika), umeme ukikatika, hupoteza alama za jioni nzima. Kwa hiyo toka kwenye mchezo kila unapovunja rekodi, hata kama unakusudia kuendelea. Kila kitu kikikaa sawa, nakili C:\MICHEZO kwenye flashi pamoja na faili la mipangilio la DOSBox, ambalo Windows huliweka ndani ya folda ya data za mtumiaji. Andika %LOCALAPPDATA%\DOSBox kwenye mstari wa anwani na utaliona. Kwenye kompyuta ya pili, ukikuta QWERTY, utabadilisha mstari wa keyboardlayout uwe us, na utapima upya mizunguko. Mengine yote yatafanya kazi kama yalivyo.